Msimbo Mmoja, Mifumo Mia: Futeni Matawi Yaliyokauka

Leo nina ugomvi na neno moja: "inahamishika". Fungua mradi wowote wa programu huria ulioandikwa kwa lugha ya C, utakuta mwenyewe amejigamba kwamba maktaba yake inafanya kazi kwenye Linux, Windows, macOS, FreeBSD, Solaris na mifumo mingine ambayo wewe na mimi hatujawahi kuiona kwa macho. Mimi nasema hivi: kama hakuna mtu anayeujaribu msimbo wako kwenye mfumo fulani, basi mfumo huo huuhudumii, hata ukiuandika kwa herufi kubwa. Na msimbo uliouweka kwa ajili yake, ufute.

Najua kuna watakaonirushia mawe. Subirini kwanza.

Kwa msomaji ambaye hajaandika C, shida inatoka hapa. Lugha hii inaacha mambo mengi yaamuliwe na kompaila na mfumo wa uendeshaji. Chukua aina ya namba iitwayo long. Kwenye Linux ya biti 64 ina baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64, juu ya tarakilishi ile ile, ina baiti 4 tu. Ukihifadhi ukubwa wa faili ndani ya long, faili ya gigabaiti 3 itakuwa salama upande mmoja, na upande wa pili utapata namba hasi. Au chukua soketi za mtandao. Kwenye Unix unaifunga soketi kwa close na kosa unalisoma kwenye errno. Windows inataka uanze na WSAStartup, ufunge kwa closesocket, halafu kosa ukaliulize kwa WSAGetLastError. Hata mwisho wa mstari ndani ya faili ya maandishi haufanani!

Mfano unaonigusa zaidi uko mifukoni mwetu. Aina ya char kwenye prosesa za x86 kwa kawaida hubeba namba hasi. Kwenye ARM ya Android haibebi. Sasa mtu anaandika kitanzi cha kusoma faili, herufi anaiweka ndani ya char badala ya int, kisha anasubiri ifikie EOF, ambayo ni -1. Kwenye leputopu yake ya x86 kitanzi kinasimama. Kwenye simu, char haiwezi kuwa -1 hata siku moja, kwa hiyo kitanzi kinazunguka mpaka betri iishe. Kama umejaribu programu yako kwenye simu ya kuigiza ndani ya leputopu ya x86 peke yake, hukujaribu kitu.

Basi watu hufanyaje? Njia ya kwanza, iliyozoeleka, ni kujaza #ifdef. Kama ni Windows fanya hivi, kama ni VMS fanya vile, kama ni kompaila ya mwaka fulani ruka hapa. OpenSSL ililelewa hivyo miaka mingi. Ilipofika Aprili 2014, kasoro ya Heartbleed ikatangazwa, na watu wa OpenBSD wakaingia ndani ya msimbo ule kuona kuna nini. Walikuta matawi ya Windows ya biti 16, ya Mac OS ya kale, ya mifumo ambayo haiuzwi tena. Walianzisha LibreSSL, na katika wiki ya kwanza wakafuta zaidi ya mistari 90,000 ya C.

Lakini takataka si hoja yenyewe. OpenSSL ilikuwa na utaratibu wake wa kutunza kumbukumbu zilizokwisha kutumika, uliowekwa ili kukwepa malloc ya polepole ya baadhi ya mifumo. Utaratibu huo ulifanya ulinzi ambao OpenBSD ilikuwa imeujenga ndani ya malloc yake usifanye kazi. Yaani dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja ilinyweshwa kijiji kizima, na waliokuwa wazima wakapoteza kinga.

Njia ya pili ndiyo ninayoitetea. Andika msimbo wako kana kwamba mfumo mzuri uko mmoja tu. Pale ambapo mfumo mwingine umepungukiwa, mtengenezee fanksheni anayokosa, uiweke kwenye folda ya pembeni, yenye jina lile lile na tabia ile ile. Msimbo mkuu usijue kama uko Windows au Linux. Andika ssh -V kwenye terminali yako ya Linux, utaona kitu kama 9.6p1. Hiyo p ndiyo alama ya toleo la kuhamishika la OpenSSH. Wenyewe wanaandikia OpenBSD kwanza, kisha kundi la pili linavisha msimbo huo nguo za mifumo mingine.

Njia hii haikosi bei. Toleo la kwanza la LibreSSL kwa mifumo mingine lilitoka Julai 2014, na mara moja ikaonekana kwamba sehemu dhaifu kwenye Linux ni uzalishaji wa namba za nasibu, kwa sababu Linux haikuwa na mwito wa kerneli kama getentropy ya OpenBSD. Ndani ya folda ile ya pembeni ikabidi wabuni njia za akiba. Hata hivyo tazama kilichofuata. Waliomba kerneli irekebishwe, na Oktoba 2014 Linux 3.17 ikaja na getrandom. Shida ilipokuwa imewekwa mahali pamoja panapoonekana, mwenye mfumo aliweza kuoneshwa kidole. Ingetawanyika kwenye #ifdef mia mbili nani angeiona? (Si kila mwenye mfumo ana haraka, lakini. Fanksheni ya strlcpy ilitoka OpenBSD mwaka 1998. Glibc ilikubali kuiweka 2023. Miaka 25, jamani!)

Na kama bado unadhani haya ni mambo ya usafi tu, kumbuka xz, Machi 2024. Mtu aliyejipatia imani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili alipenyeza mlango wa nyuma. Kiwashio chake alikificha ndani ya skripti za kutambua mifumo, zile za configure ambazo hakuna binadamu anayezisoma. Kuna kipande kingine ambacho hakisimuliwi sana. Ndani ya faili ya CMake kulikuwa na programu ndogo ya kujaribu kama Linux ina kinga iitwayo Landlock. Aliongeza nukta moja. Nukta! Programu ile ikawa haikompailiki, jaribio likajibu "mfumo huu hauna Landlock", na ujenzi ukaendelea kimya bila kinga. Ubaya wote ukaja kushtukiwa na Andres Freund kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde.

Ndiyo maana nachukia majaribio yanayoshindwa kimya. Kama Linux ninayoijengea inapaswa kuwa na kinga fulani, na jaribio linasema haipo, ujenzi usimame na upige kelele. Njia ya akiba itumike pale tu mtu alipoiomba kwa jina.

Kuna wanaosema kufuta matawi ni kuwaonea wenye mashine kuukuu, na kwamba curl, iliyoandikwa kwa C ya mwaka 1989, inajivunia mifumo zaidi ya 100. Kweli, na naiheshimu. Lakini curl ina rundo la majaribio yanayoendeshwa kwa kila badiliko, na kabla ya kuondoa kitu hukitangaza mapema katika faili ya DEPRECATE. Kuhusu mashine kuukuu, ARM ya biti 32 si tawi lililokauka hapa kwetu, simu za bei nafuu zingali nayo. Kwa hiyo ijaribiwe. QEMU ni ya bure na inaendeshwa kwenye leputopu yoyote. Anayeacha biti 32 bila jaribio huku akihifadhi msimbo wa VMS amegeuza mambo miguu juu.

Kwenye maktaba yangu ndogo ya kusoma CSV, utaratibu ni huu. Ukileta kiraka cha mfumo mpya, leta na mashine, au akaunti kwenye mashine, itakayoendesha majaribio kila wiki. Majaribio yakikatika miezi sita, nakuandikia. Usipojibu kwa mwezi, tawi lako linaondoka kwenye toleo linalofuata, na historia ya git inabaki pale pale kwa atakayetaka kulirudisha.