Mirambo, Nyungu au Isike: Nani aliyekuwa mpiganaji bora wa njia ya misafara?

MASHABIKI wa mapigano ya ulingoni wana desturi ya kurejea kanda za zamani na kuwapanga upya mabingwa wao. Shindano la kwanza la UFC, lililofanyika Denver, Marekani, Novemba 12, 1993, bado linatazamwa na kujadiliwa. Wapiganaji wanane waliingia bila kugawanywa kwa uzito, na aliyeibuka mshindi ni Royce Gracie wa Brazil, mtu asiye na umbo la kutisha, aliyewashinda wapinzani watatu usiku mmoja.

Waliokuwa wakiupima uwezo kwa ukubwa wa misuli walilazimika kubadili orodha zao, kwa sababu kanda iliwaonyesha jinsi ushindi ulivyopatikana.

Tabora nayo ina mjadala wa namna hiyo, mkongwe kuliko huo, lakini usio na kanda. Ni nani alikuwa mpiganaji mkubwa zaidi miongoni mwa watemi wa karne ya 19 walioigombea njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji?

Swali hilo si la vijiweni pekee. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayokusudiwa kuombewa hadhi ya Urithi wa Dunia. Aidha, mikataba ya kuijenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kisha Isaka na Kigoma, ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Wageni watakaoshuka Tabora watahitaji kuelezwa jambo, na atakayetajwa kwanza ndiye atakayekumbukwa.

Mwamuzi aliyekuwa mchezaji

Orodha iliyozoeleka humweka Mirambo wa Urambo juu ya wote. Chanzo kikubwa cha sifa hiyo nje ya Unyamwezi ni Henry Morton Stanley, aliyemlinganisha na Napoleon wa Ufaransa.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Stanley hakuwa mwamuzi asiye na upande. Agosti 1871 yeye mwenyewe alibeba silaha pamoja na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mirambo, akashuhudia upande wake ukishindwa. Aprili 1876 wawili hao walichanjiana damu na kuwa ndugu. Aliyetoa cheo hicho, kwa maneno mengine, alianza kuwa adui na akaishia kuwa ndugu.

Hilo halina maana kwamba Mirambo hakustahili. Vita ya 1871 ikichunguzwa hatua kwa hatua, ustadi wake unaonekana wazi. Kikosi cha Waarabu kilipoteka kijiji cha Wilyankuru, Mirambo hakung'ang'ania kukilinda. Alisubiri washindi waanze safari ya kurudi wakiwa wameelemewa na pembe, nguo na mateka, ndipo akawavamia njiani na kumuua kiongozi wao. Siku chache baadaye aliingia Tabora yenyewe, akauchoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu hao, akauawa.

Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili afike Ujiji, alikomkuta Livingstone Novemba mwaka huo. Hata askari waliotumwa baadaye na Sultani Barghash wa Zanzibar hawakuweza kumng'oa Mirambo.

Baada ya kengele ya mwisho

Lakini kushinda pambano ni kipimo kimoja tu. Kipimo kingine ni kile kilichobaki baada ya mpiganaji kuondoka, na hapo ndipo orodha iliyozoeleka inapoyumba.

Mirambo alifariki dunia Desemba 2, 1884. Ndugu yake, Mpandashalo, alirithi kiti lakini hakuweza kuishika himaya iliyojengwa juu ya nguvu za mtu mmoja, na mwaka 1890 akauawa vitani.

Mwezi uleule wa Desemba 1884 alifariki pia Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe aliyekwenda kusini mashariki na kuzikusanya chini yake nchi nyingi ndogo za Ukimbu. Huyu alikuwa mkali, na majeshi yake ya rugaruga yaliogopwa sana. Lakini tofauti na Mirambo, aliweka wasaidizi wake mwenyewe juu ya watemi wadogo, kila mmoja na eneo lake, wakiwajibika kwake.

Matokeo yake ni kwamba alipokufa, binti yake Mgalula alishika utawala na nchi haikusambaratika. Wajerumani ndio walioivunja, mwaka 1895.

Kwa nini basi jina la Nyungu halivumi kama la Mirambo? Ukimbu haukuwa na wageni wengi wa Kizungu wenye madaftari. Sehemu kubwa ya habari zake zilihifadhiwa vinywani mwa wazee, hadi mtafiti Aylward Shorter alipozikusanya katika miaka ya 1960. Asiyeandikwa mapema huchelewa kusifiwa.

Wa Unyanyembe

Wapo wawili wengine wasioweza kuachwa. Mnywa Sele, aliyeupata utemi wa Unyanyembe baada ya kifo cha Fundikira mwaka 1858, alidai ushuru kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliozoea kupita bure. Walimwondoa na kumweka Mkasiwa, naye akapigana vita vya kuvizia hadi alipouawa mwaka 1865. Alishindwa, lakini ndiye aliyetangulia kuuliza swali ambalo Mirambo alikuja kulipigania: njia hii ni ya nani?

Isike, aliyemfuata Mkasiwa mwaka 1876, alikabiliana na mpinzani wa uzito mwingine kabisa. Mashambulizi ya Wajerumani dhidi ya ngome yake mwaka 1892 yalishindwa. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kilipoivunja, Isike alikilipua chumba cha baruti ili asikamatwe akiwa hai.

Kwa ufundi wa vita, nafasi ya kwanza inabaki kwa Mirambo. Kwa ujenzi wa dola, Nyungu ya Mawe anamzidi, na vigezo vyote viwili vikipimwa pamoja, ndiye anayestahili kuongoza, Mirambo akifuata kwa karibu. Isike anashika nafasi ya tatu kwa kusimama mbele ya jeshi ambalo wenzake hao wawili hawakuishi kulikabili. Mnywa Sele ni wa nne.

Wasio na orodha

Hata hivyo, orodha ya mashujaa isiwe pazia. Vita hivyo vilipiganwa kwa ajili ya hongo, pembe na watu. Rugaruga walichoma vijiji, na mateka wengi waliishia kwenye minyororo iliyoelekea pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walioibeba biashara yote mabegani hawana nafasi katika orodha ya mtu yeyote.

Leo nyumba ya kihistoria inayofahamika zaidi mkoani humo ni tembe la Kwihara, linalotunzwa kama makumbusho ya Livingstone, mgeni aliyekaa hapo kwa miezi kadhaa mwaka 1872. Ni haki litunzwe. Lakini si haki mgeni aondoke Tabora akijua alikolala Livingstone asijue alikofia Isike.

Jina la Mirambo limepewa kambi ya jeshi mjini Tabora na mtaa katikati ya Dar es Salaam. Majina pekee hayatoshi. Wanaohusika na mambo ya kale wanapaswa kuweka alama na maelezo ya Kiswahili katika maeneo ya Urambo, Unyanyembe na Kiwele, yalikokuwa makao ya Nyungu, na kuzirekodi simulizi za koo zilizosalia kabla wenye nazo hawajaisha. Reli ikikamilika kabla ya kazi hiyo kufanyika, orodha itakayosomwa na wageni itabaki ileile aliyoiandika Stanley.