Kamba Hukatikia Pembamba

Kama wewe ni mpenzi wa gemu na kompyuta yako imeanza kukohoa, wiki hii kaa kitako tuzungumze. Na kama mfukoni hali si nzuri, sogea karibu zaidi. Mwenye mshiko hahitaji ushauri wangu. Akikosea, kesho ananunua kingine. Kapuku akikosea ndio basi tena, anabaki kukodolea macho kioo cheusi.

Kesi ya leo inatoka kwetu Shumba, wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Kuna vijana wanne wa maskani wanamiliki kompyuta moja ya mtumba, Dell OptiPlex 7010. Mashine hizi zilitoka mwaka 2012 kwa ajili ya maofisi, huko walipozichoka zikatuangukia sie. Ndani ina prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM ya GB 4 na hadi disiki ya zamani, ile ya kuzunguka. Wameipigia PES mpaka herufi za kibodi zimefutika.

Sasa wanataka kupanda ngazi. Wanataka GTA V, na wanataka watoto wa mtaani walipie kucheza. Wakachangishana, huyu kaleta pesa ya dagaa, yule kaleta pesa ya mwani aliyopewa na mama yake, ikapatikana laki tatu. Laki tatu kwa Shumba si pesa ya kuchezea, yakhe. Mama wa watu kainama baharini, maji yanapanda na kushuka, ndio ikapatikana.

Basi jamaa mmoja wa Dar akawaonesha kwenye simu kadi ya picha, GTX 1060. Ngoma kali! Bei yake laki tatu ile ile, na anataka atumiwe kabla ya boti ya Ijumaa. Wawili wakasema tutume. Wawili wakasema tungoje. Kidogo washikane mashati. Ndipo wakanijia: "Kaka, tuamulie wewe."

Mie sikuanza na kadi. Niliwaambia tufungue kasha tusome karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai. Imeandikwa wati 275. Tukatafuta waya wenye kichwa cha pini sita, hamna. Hapo kesi ikawa nyepesi. GTX 1060 inakula hadi wati 120, na tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75, halizidi hapo. Zilizobaki lazima zipite kwenye waya wa pini sita, ambao mashine haina. Kwa hiyo wangetoa laki tatu, wangeipokea kadi yao nzuri, na isingefanya kazi.

Nyie wa mjini mtasema, si unarudisha dukani? Ndugu yangu, kutoka Kariakoo unarudi dukani kwa miguu. Kutoka Shumba unapanda gari mpaka bandarini, boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, na ukifika muuzaji keshabadilisha laini. Huku kwetu kifaa huchaguliwa kabla pesa haijatoka mkononi. Na hata wewe uliye karibu na duka, utaratibu huo hautakudhuru.

Mmoja wao akaleta ujanja: tununue kiunganishi, tuibe umeme kwenye waya wa disiki. Nikamwambia acha. Waya wa disiki haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Ukifosi, plastiki inayeyuka, na nyumba zetu nyengine zimeezekwa makuti. Utataka kucheza gemu ya kukimbizana na polisi, uishie kukimbizana na moto.

Ami yangu, mvuvi wa siku nyingi, alikuwa barazani anatusikiliza. Kompyuta haijui, lakini alicheka: "Nyie watoto, mashine ya boti kubwa mnaifunga kwenye mtumbwi? Itang'oa tezi." Mzee kamaliza kila kitu. Kamba hukatikia pembamba. Ukitaka kuimarisha kamba, usinenepeshe pale palipo panene.

Sasa utapajuaje pembamba? Kupima ni bure. Fungua gemu yako, cheza dakika chache, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona prosesa, RAM, disiki na kadi kila mmoja anafanya kazi kiasi gani. Anayegonga mia huku wenzake wamepumzika, huyo ndiye mgonjwa. Kwa wale vijana, disiki ilikuwa mia, RAM imejaa pomoni, prosesa inapiga miayo. Na kabla ya hapo tulishatoa vumbi na kubadilisha ile grisi iliyo juu ya prosesa, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama chokaa. Kwa nyumba za pwani, zenye mchanga na hewa ya chumvi, usafi ni kifaa cha kwanza, na hakina bei.

Baada ya kupima, mpangilio wangu kwa mashine za aina hii ni huu:

Kwanza, SSD. Haikuongezei picha ngapi kwa sekunde, lakini mashine inaamka haraka na gemu haigandi kila unapoingia mtaa mpya.

Pili, RAM ifike GB 8. OptiPlex 7010 inakula DDR3. Usiuziwe DDR4, haiingii. Nunua mbili zinazolingana badala ya moja kubwa, maana zikiwa mbili zinafanya kazi bega kwa bega. Hili ni muhimu hasa kama bado huna kadi, kwani picha ya ndani ya Intel inaazima RAM hiyo hiyo.

Tatu, kadi isiyohitaji waya wa ziada. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 ni wati 75, ila angalia vizuri, kuna watengenezaji walioziwekea tundu la waya. Hizo ziruke. Kama kasha lako ni lile jembamba la kulala, tafuta kadi fupi, ndefu haitoingia hata uilalie. Na usimlipe mtu kabla hujaiona ikiwaka, hata kwa video ya simu.

Nne, na mwisho kabisa, prosesa. Tundu lile lile linapokea Core i7-3770, lakini wengi hawaihitaji. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta, Aprili 2015, wenyewe walipendekeza i5-3470, RAM GB 8 na kadi ya GTX 660. Yaani prosesa inayodharauliwa na vijana wa Shumba ndiyo iliyotajwa kwa jina! Na GTX 1050 Ti inaizidi ile 660. Hesabu ishajifanya.

Usisahau umeme. Pemba tulivutiwa waya chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kilomita 70 na ushei, tukaachana na majenereta. Lakini popote umeme unapopanda na kushuka, stabilaiza ni bora kuliko taa za rangi kwenye kasha. Taa hazijamfungia mtu goli.

Na ujue pa kukomea. Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 Januari 2024. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft haiitambui i5-3470 kwa Windows 11. Kwa Intel wanaanzia kizazi cha nane. Maana yake mashine hii ni mzee anayetembea vizuri, si kijana. Ukiona vifaa unavyotaka kununua vinakaribia bei ya kompyuta ya ofisini ya kizazi cha nane, funga pochi, dunduliza. Kujenga mpya kabisa nako kwa sasa kunauma, kwani tangu mwishoni mwa 2025 RAM za DDR4 na DDR5 zimepanda bei dunia nzima, makampuni ya akili mnemba yanazigombania.

Wale vijana walinunua SSD na RAM tu. Pesa iliyobaki wameirudisha kwa mama wa mwani aiweke, mpaka ipatikane 1050 Ti ya mtu wanayemuona kwa macho. GTA bado, lakini PES inafunguka chap chap, foleni ya watoto ipo mlangoni, na hakuna aliyemkunjia mwenzake shati. Huyo wa Dar anaendelea kupiga simu, wanamwachia iite.

Wewe je, ushafungua kasha lako ukasoma karatasi ya pawasaplai? Kasome, kisha tukutane wiki ijayo. Wasalaam.