Shinwa Naye Ana Jina Lake

Ndugu wananchi wa Mutoshi, nanyi wa Kolwezi nzima: papa na mama wa kila lupango, vijana wa taximoto, mama zetu wa sokoni. Leo naomba tukae kidogo tuongee mambo ya nyumbani.

Nianze na swali. Yule bwana wa duka la vipuri pale njia panda, ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na mbili kati yetu, anaitwa nani?

Tafadhali usinijibu "Shinwa", yaani Mchina. Nauliza jina, lile alilopewa na mama yake.

Siulizi ili nikuaibishe. Mimi mwenyewe swali hili lilinikamata. Kuna mzee mmoja wa Lebanoni ambaye nimenunua kwake kufuli, misumari na balbu tangu mtoto wangu wa kwanza hajaanza shule. Miaka yote hiyo nilimwita "Libane". Siku moja, nikiwa nahesabu chenji, akaniuliza kwa Kiswahili cha huku huku kwetu: "Papa, miye pia niko na jina. Uko unaijua?" Sikulijua. Yeye la kwangu alikuwa nalo, limeandikwa vizuri kwenye daftari lake la madeni, na la mke wangu chini yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza wageni wetu. Sisemi wale wanaoshuka na ndege leo, wakavaa kofia ngumu, wakapiga picha shimo, keshokutwa wakaondoka. Nasema wanaokaa: Mchina wa duka, Mhindi wa dawa, mama wa Zambia aliyeolewa kwetu, dereva wa Tanzania aliyepanga chumba kwa sababu kila mara lori lake liko huku kungoja mzigo wa shaba. Mtu wa namna hiyo akishakuzoea, anakuambia nini?

Vitu vidogo sana. Hakuna aliyenilalamikia vumbi. Vumbi la Kolwezi tunalilalamikia wote. Mmoja alisema: "Watoto wangu wote wamezaliwa hapa, lakini kila asubuhi nikitoka mlangoni mtaa unanitangaza, kama vile nimeshuka jana." Mwingine alisema fungu moja la nyanya lina bei mbili, moja ya jirani na moja yake. Dereva akasema tunamcheka akisema "ugali" badala ya bukari, na "kisamvu" badala ya sombe, tunamwambia anaongea Kiswahili cha kitabu. Mwaka wa kwanza alicheka nasi, sasa amechoka. Na mama mmoja akasema: "Harusi mnaniita, maana harusi ina mchango. Kilio hamniambii."

Hilo la kilio lilinikaa moyoni. Nitalirudia.

Kwa nini hatujifunzi majina yao? Si kwa ubaya. Nadhani tumezoea kwamba mgeni wa madini hakai. Bei ya shaba ikipanda anakuja, ikishuka hayupo. Wengi wetu tunakumbuka mwisho wa mwaka 2008, bei ilipoanguka: viyeyusho vya Wachina katika Katanga vilifungwa kimoja baada ya kingine, na wenyewe wakaondoka. Hapa Mutoshi tuliona mwaka 2018 sehemu ya mgodi ikizungushiwa uzio, Chemaf, Trafigura na shirika la Pact wakishirikiana, ili wachimbaji wadogo wafanye kazi kwa usalama. Mwaka 2020 ikaja Covid na mradi ukasimama. Nyuso mpya, kisha hakuna nyuso. Mtu anajiambia: kwa nini nijifunze jina gumu la mtu ambaye kesho hayupo?

Lakini yule wa njia panda hakuondoka. Alibaki hata wakati wa Covid. Tunaendelea kumsalimu kama msafiri wa kituoni.

Na sisi je, tulianzia wapi? Kolwezi ni mji wa mwaka 1937, uliojengwa na Union Minière kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Mgodi wetu huu wazee waliujua kwa jina la Ruwe. Ukiwatoa wenye ardhi, Wasanga na Walunda na jirani zao, sisi wengine tuna babu aliyefika akiwa na bunda kichwani: huyu kutoka Kasai, yule kutoka Lomami, mwingine kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, mwingine Rwanda au Burundi. Hata lugha ninayowaandikia ni mgeni. Ilitangulizwa na wafanyabiashara wa mashariki na watu wa Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi akakaa Bunkeya. Baadaye kambi za migodi zikaikuza, kwa kuwa watu wa makabila mengi walihitaji kuitana kazini. Tuliipa nafasi mezani, na leo ndiyo tunayowabembelezea watoto.

Najua kuna atakayenijibu: Msiri huyo huyo alikuja mgeni, akaishia mfalme! Ni kweli, na hofu hiyo siipuuzi. Watu wanaona malori yanatoka usiku na mchana, wanaona mashimo yanasogelea nyumba, wanajiuliza kimebaki nini kwetu. Ni maswali ya haki. Yana mahali pake: mikataba kama ule wa Sicomines wa 2008, Sheria ya Madini ya 2002 na marekebisho yake ya 2018, fungu la ushuru wa madini ambalo sheria inasema lirudi kwa jimbo na kwa eneo lenye mgodi. Tuwaulize viongozi wetu bila kuchoka. Ila jirani anayeuza mikanda ya pikipiki hakutia saini mkataba wowote. Tukimlipisha yeye kwenye fungu la nyanya, deni la kampuni linapungua?

Nirudi kwenye majina, maana hapa ndipo tunapoweza kuanza bila kusubiri franka hata moja.

Sisi watu wa Katanga tunajua jina la kubandikwa linaweza kufika wapi. Mwaka 1992 na 1993 walikuwapo watu wa asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, waliosoma hapa, waliofanya kazi Gécamines miaka na miaka, ambao ghafla hawakuwa tena jirani. Waliitwa "bilulu", wadudu. Baada ya neno yalifuata mabunda, na familia nzima zikalala kwenye stesheni ya Kolwezi na ya Likasi zikingoja treni ya Kasai. Simnyoshei mtu kidole. Wengi wa waliorudi leo tunakula nao sahani moja. Nawakumbusha tu kwamba haikuanza na fimbo.

Watoto wetu walioko Johannesburg nao wanaijua habari hii. Kule mgeni Mwafrika anaitwa "kwerekwere". Piga simu umuulize mwanao, au mtoto wa dada yako, anasikiaje akiitwa hivyo kwenye basi asubuhi, akienda kazini. Halafu muulize ni nani aliyemwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza. Utasikia sauti yake inabadilika.

Basi, papa na mama, wiki hii tufanye nini?

Jifunze jina moja. Moja tu. Muulize mwenyewe, umwombe alirudie, na ukikosea acha acheke. Sisi tumecheka vya kutosha. Jina la Kichina kweli lina sauti ambazo ulimi wetu haukuzoea, lakini ulimi huu huu ndio uliojifunza kusema Gécamines na Elisabethville. Ukishalijua, wafundishe watoto. Mtoto anayepaza "Muzungu!" barabarani hana ubaya, anafurahi tu. Mwambie: "Huyu ni Papa fulani. Sema jambo, Papa fulani." Atafurahi vile vile, na mtu atakuwa amesalimiwa.

Mama wa soko, wewe sikufundishi biashara. Bei ya kwanza kwa mtu usiyemjua ni mchezo wa soko, kila mahali duniani unachezwa. Ila mteja wa miaka mitano bado humjui? Mwongezee nyanya moja juu, kama unavyomwongezea mama wa jirani. Kesho atakuja na mwenzake.

Kijana wa taximoto, abiria wako anayesema "pale kwa kanisa" kwa lafudhi ya ajabu anaijua njia kuliko unavyodhani, na bei anaijua pia. Amenyamaza kwa heshima.

Ndugu unayeketi nyuma ya meza yenye muhuri, kazi yako ni ya haki na karatasi lazima ziangaliwe. Lakini ile karatasi uliyoiangalia Jumatatu bado ni ile ile siku ya Alhamisi, sivyo? Na "maharagwe ya watoto" unayomwomba, wote tunajua ni maharagwe gani, yule mgeni naye ana watoto wanaoyangoja nyumbani kwake. Mruhusu apite na salamu.

Kuna jambo jingine, hili ni la sisi wote, nami nimo. Akipita mgeni, mkono unanyooka wenyewe: "Patron, nipe ya sukari." Mara nyingi ni utani. Kwa anayeambiwa mara kumi kabla ya saa sita, utani umeisha. Jaribu siku moja kumuuliza amelalaje, halafu nyamaza. Usiongeze kitu. Utamwona anasimama, anangoja ombi. Lisipokuja, uso wake utafunguka. Nimejaribu kwa yule mzee wa kufuli. Tuliongea nusu saa juu ya magonjwa ya magoti.

Sasa kile kilio.

Nilimuuliza yule mama kwa nini limemuuma. Akasema: "Harusi mtu anaalikwa kwa sababu ya anachokuja nacho. Kilio mtu anakwenda kwa sababu ni wao." Sikuwa na jibu. Anapika bukari kama sisi, ni mwanachama wa likelemba ya mtaa, zamu yake ikifika fedha anapewa kamili. Alipofiwa mwenye lupango wa pili, majirani walipita mlango wake usiku, wakabisha mlango uliofuata. Walidhani wanamhurumia: mgeni asisumbuliwe na mambo yetu. Yeye alikaa gizani akisikia nyimbo kupitia ukutani.

Ndiyo huruma yetu mara nyingi ilivyo. Tunampa mgeni kiti kizuri, tunamwekea chakula cha kwanza, hatumruhusu kugusa kitu. Siku ya kwanza ni heshima. Mwaka wa kumi na mbili mtu bado ameketi kwenye kiti kile kile, mikono mapajani, akituangalia tunavyoishi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi tumezoea kusikia hapo kuwa mgeni asizoee kula bure. Mimi siku hizi nasikia kingine: mwenye jembe mkononi ana mahali pa kusimama.

Jembe la machimbo hatuwezi kumpa. Sheria imesema kadi ya mchimbaji mdogo ni ya Mkongomani mtu mzima, na iwe hivyo. Lakini majembe mengine si yapo? Siku ya kilio, mtume akalete viti. Yule Mchina ana jenereta; umeme ukikatika katikati ya maombi, mnamtafuta nani? Dereva wa Tanzania ana sauti ya kwaya, nimemsikia akiosha lori. Mhindi wa dawa ndiye anayejua ni nani mtaani ana sukari na ni nani ana presha. Mketishe karibu na wazee. Waandikeni kwenye daftari la mchango kwa majina yao kamili, katikati ya majina yetu, bila kuweka "mugeni" kwenye mabano.

Nanyi wageni mnaosoma haya, au mnaosomewa: ukuta wenu ni mrefu, na tunajua kwa nini, wezi wapo. Mlango wake mnaweza kuuacha wazi mchana. Kuna mchana mmoja mliposikia kilio cha jirani, nanyi mkafunga redio kwa heshima. Siku ile tulikuwa tunawangoja. Msisubiri kuitwa. Huku kwetu kilio hakina kadi ya mwaliko, na sisi tulisahau tu kuwaambia hilo.

Mvua zinakaribia, na mtaro wa njia panda umejaa plastiki na mchanga kama kila mwaka. Usipozibuliwa, maji yataingia kwa wote: kwetu, kwa yule mzee wa kufuli, kwa duka la vipuri. Salongo ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Tuna makoleo manne na mikono mingi. Jana jioni nimekwenda kwa yule bwana wa vipuri kuazima la tano, na kumwambia kwamba atakayelishika ni yeye. Akauliza saa ngapi. Jina lake nimeliandika kwenye orodha, namba saba, baada ya mwalimu na kabla ya mimi.