Tufungue Wenyewe: Ilani ya Kompyuta na Kiingereza Vijijini



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wetu wa Bonde la Ziwa Rukwa hupanda mlima kwenda Sumbawanga mjini. Kutoka Muze, Mtowisa au Ilemba ni safari ya kubanana na magunia, kona baada ya kona kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, hadi joto la bondeni linapokwisha na baridi ya Ufipa inapoanza. Hawaendi chuoni bado. Wanakwenda steshenari.

Kila mzazi aliyemsindikiza mwanawe anajua mambo ya pale. Binti ameshika bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na picha za pasipoti. Anayekaa kwenye kompyuta si yeye, ni mhudumu. Mhudumu anamfungulia barua pepe, anamchagulia neno la siri, anamjazia fomu ya Bodi ya Mikopo, anamwombea chuo, anachapisha, anataja bei. Binti amesimama nyuma ya kiti akijibu maswali: jina la mama, kata, namba ya mtihani wa kidato cha nne. Anarudi bondeni akiwa na karatasi mkononi na moyo mweupe. Baada ya muda Bodi inatuma taarifa kwamba kuna kiambatanisho hakisomeki, arekebishe kabla dirisha halijafungwa. Taarifa inaingia kwenye barua pepe ambayo mwenyewe hawezi kuifungua. Neno la siri liko kwenye daftari la mhudumu, na huenda mhudumu kahama, au kibanda kimefungwa, au daftari limeisha na kutupwa.

Hatumlaumu mhudumu. Kazi yake ndiyo hiyo, na wapo waungwana wanaosaidia hata asiye na hela. Tunachokikataa ni hali inayomfanya mtu mwenye cheti cha kidato cha sita awe mgeni katika mambo yake mwenyewe.

Na mambo hayo yanazidi kuongezeka. Kuomba mkopo ni mtandaoni. Kuomba kazi serikalini ni kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, hata mwanafunzi wa kidato cha nne kubadili tahasusi aliyoichagua, yote hayo yamehamia huko. Hatupingi. Wazee wetu walikuwa wanauza ng'ombe ili mtu afunge safari ya Dar es Salaam kufuatilia faili, na faili halionekani. Atakayetaka turudi huko hatutakuwa naye. Lakini serikali na soko vimehamisha mlango, na mlango mpya una kufuli mbili: kompyuta na Kiingereza. Mtoto wa mjini hukutana na zote mbili nyumbani kabla hajakutana nazo shuleni. Wa kwetu hukutana nazo siku ya kufanyiwa usaili.

Tuanze na Kiingereza, kwa sababu ndicho kinachoumiza zaidi.

Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyingine anafundishwa kwa Kiingereza. Anapewa wiki chache za kujiandaa, kisha jiografia, baiolojia na hesabu zinageuka lugha kwa pamoja. Mwalimu, ambaye naye alipita njia hiyo hiyo, anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini kama anayeiba, halafu anatunga mtihani kwa Kiingereza. Mwanafunzi anakariri. Muulize maana ya osmosisi atakushushia sentensi nzima ya Kiingereza bila kukosea herufi, na mtihani ukibadilisha swali kidogo tu anapata sifuri. Na huyu ni mtoto aliyekulia kando ya ziwa. Amemwona mama yake akipaka samaki chumvi mara ngapi? Anajua chumvi huvuta maji yakamtoka samaki, anajua ukipunja chumvi samaki ataoza. Osmosisi anaifahamu kuliko aliyeandika kitabu. Hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo hiyo.

Haya si mageni. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta wengi hawana kiasi kinachotosha kujifunzia masomo mengine. Pendekezo la tume halikutekelezwa, na ripoti ya Waingereza ilileta mradi wa vitabu vya kusoma, nao ukaisha kama miradi inavyoisha. Mjadala wa lugha ya kufundishia una umri mkubwa kuliko wengi wetu tuliokubaliana juu ya ilani hii. Wapo kati yetu wanaotaka Kiswahili hadi chuo kikuu, wapo wanaotaka Kiingereza tangu chekechea, na usiku wa kuandika ukurasa huu tulibishana hadi taa ikaisha chaji. Tulichokubaliana ni kimoja: wakubwa wakiendelea kujadiliana, mtoto aliyeko kidato cha kwanza mwaka huu hasubiri.

Kwa hiyo vuguvugu letu linashika msimamo huu. Kiingereza kifundishwe kama lugha, na kifundishwe vizuri, kwa msaada wa Kiswahili anachokijua mtoto. Kompyuta ifundishwe kwa Kiswahili. Kosa linalofanywa kila mahali ni kuyachanganya mambo hayo mawili: mtoto ambaye hajawahi kugusa kipanya anasomewa maelekezo ya kompyuta kwa Kiingereza asichokijua, anashindwa yote mawili kwa pigo moja, kisha anaambiwa kichwa chake kizito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Kazi ya kutafuta maneno ilishaanza zamani. Atakayetuambia kompyuta haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili tutamkaribisha darasani akae kwenye benchi, asikilize.

Na hatutamvisha mtoto yeyote kibao shingoni kwa kuwa amesema Kiswahili, wala Kifipa. Aibu haijamfundisha mtu lugha. Lugha hufundishwa na vitabu vingi vyepesi, hadithi za kusomwa kwa sauti, na mtu wa kuzungumza naye asiyecheka ukikosea. Tukipata vitabu hamsini vya hadithi za Kiingereza chepesi vinavyozunguka nyumba kwa nyumba hadi vikachakaa, tutahesabu kwamba tumefanya zaidi ya bango lolote la "zungumza Kiingereza" lililopakwa rangi kwenye ukuta wa shule.

Kuna watakaosema jambo hili ni kubwa kwa vijiji. Wakumbushwe yaliyofanywa na vijiji hivi hivi. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kampeni ikafuata, mtihani wa taifa ukafanyika Agosti 1975, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Waliofundisha wengi hawakuwa na shahada. Walikuwa waliomaliza darasa la saba, makarani wa chama cha ushirika, mabwana shamba, wake wa wachungaji. Walifundisha chini ya miembe, kwenye maghala, penye kivuli. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, na waliposimama walikwenda kuchimba vyoo.

Tunakumbuka pia upande wa pili wa habari hiyo. Msukumo ulipolegea, watu walisahau, na sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wenye miaka 15 na kuendelea hajui kusoma. Elimu ya kampeni ikikosa kitu cha kusoma kesho yake hufutika. Ndiyo maana hatuanzishi kampeni ya miezi mitatu wala semina yenye posho na fulana.

Sasa kuhusu kompyuta zenyewe, na hapa tutasema wazi hata kama tutawaudhi wafadhili. Katika shule nyingi za vijijini chumba cha kompyuta kipo. Kiko na kufuli. Ndani kuna mashine zilizoletwa na mgeni mmoja, zikapigwa picha, zikafunikwa vitambaa. Ufunguo anao mkuu wa shule, kwa kuwa zimeandikwa kwenye daftari la mali na zikiharibika ataulizwa yeye. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mbili zinaungua. Nyingine inadai programu iliyoisha muda. Hakuna mwalimu aliyefundishwa kuzifungua wala kijana anayejua kubadilisha kebo. Miaka inapita. Hiyo ndiyo maiti ya mradi, na mikoa yetu ina makaburi yake mengi.

Sisi tunaanza na mtu. Kabla kijiji hakijapokea kompyuta hata moja, kitachagua vijana wawili, mmoja lazima awe wa kike, watakaojifunza kufungua mashine, kusafisha vumbi, kubadilisha betri, kuweka programu upya na kuwafundisha wengine. Hao ndio watakaoshika ufunguo. Wakihama, kijiji kitachagua wengine, na waliohama watakuwa wamewafundisha kwanza.

Mashine tunazozitaka ni ndogo. Kompyuta za aina ya Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012, zina ukubwa wa kiganja na hula wati chache tu. Ukiongeza na kiwambo, vituo kumi vinaweza kwenda kwa paneli chache za sola na betri za kawaida, hata pale ambapo nguzo za TANESCO hazijafika. Mtandao wa simu bondeni ni wa kusuasua, kwa hiyo darasa halitategemea bando. Kompyuta moja itakaa kama ghala: ndani yake Wikipedia ya Kiswahili iliyowekwa kwa Kiwix na masomo ya Kolibri, programu zinazotumika bila mtandao, na vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Kijana mmoja akipanda mjini atapakua vipya na kurudi navyo. Intaneti yenyewe itatumika kwa yale yasiyo na njia nyingine, kama fomu ya mkopo.

Somo la kwanza tumeshalipanga, na halina mbwembwe. Mwanafunzi atawasha, ataandika jina lake, atalihifadhi, atazima, kesho yake atalitafuta. Kisha barua kwa mtendaji wa kijiji. Kisha barua pepe yake mwenyewe na neno la siri alilolitunga yeye, analolijua yeye, ambalo hata mwalimu hataruhusiwa kuliuliza. Aliyejifunza hivyo akitumiwa ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" atajua la kufanya. Baadaye majedwali ya hesabu, kwa kazi zilizopo hapa hapa: daftari la VICOBA, kilo za ufuta wa kila mwanachama wa AMCOS, yaani ushirika wa mazao, makato yake na alichopaswa kulipwa. Mkulima akiona jedwali lake likijumlisha lenyewe hatuna haja ya kumhubiria faida za teknolojia. Tunajua pia kwamba baadhi ya viongozi wa ushirika hawatalifurahia somo hilo.

Saa za masomo zitafuata maisha ya kijijini. Darasa la jioni ni darasa la wavulana, kwa sababu jioni wasichana wako kisimani na jikoni. Tutafundisha saa nane hadi saa kumi mchana, na Jumapili baada ya ibada. Mama mwenye mtoto mgongoni ataingia naye. Binti aliyeacha shule kwa ujauzito, ambaye tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu kurudi darasani lakini jirani bado wanamnyooshea kidole, ana nafasi kwetu kabla ya wengine. Ada haitakuwepo. Mchango utakuwepo, wa mahindi, wa kuni au wa kazi ya siku moja, maana cha bure kabisa hakina mwenyewe. Hesabu zitabandikwa mlangoni.

Cheti hatutoi. Aliyehitimu kwetu atajulikana kwa kujaza fomu yake mwenyewe bila kusimama nyuma ya kiti cha mtu, na kwa kusoma ukurasa mmoja wa Kiingereza akaueleza kwa Kiswahili.

Kwa serikali, tuna ombi moja. Kila mfumo mnaotaka mwananchi aujaze uwe na Kiswahili kamili, kuanzia kitufe cha kwanza hadi ujumbe wa kosa. Nchi iliyoandika katiba yake kwa Kiswahili haina sababu ya kumkatalia mkulima kwa Kiingereza.

Kwa wewe unayesoma: kama una Kiingereza cha kusomea hadithi ya watoto, tupe saa mbili kwa wiki. Kama wewe ni fundi wa simu au redio, tunakuhitaji kuliko profesa. Kama una ghala, darasa au ukumbi wa kanisa au msikiti usiotumika mchana, sema na mwenyekiti wa kitongoji chako wiki hii. Na kama unayo kompyuta ya zamani unayotaka kuitoa, usiilete bado. Lete kwanza kijana wa kuitengeneza.