Kusomea nyumbani si kukimbia shule

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mama alilia kama aliyefiwa. Kwetu, asiyeingia darasani hasomi, basi. Ndiyo maana niliposikia kuna wazazi weusi Marekani wanaotoa watoto shuleni na kuwafundisha kwenye meza ya chakula, nilicheka. Nikajiambia hao wana pesa za kuchezea.

Sicheki tena. Kwa takwimu za idara ya sensa ya Marekani, mwaka 2020 familia nyeusi zinazosomesha watoto nyumbani ziliruka kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1 kwa miezi michache tu. Ndiyo, korona ilichangia. Lakini wazazi wanataja pia watoto wao kuadhibiwa kuliko wenzao, na historia yao kupewa kurasa mbili: utumwa, Martin Luther King, kengele inalia.

Kuna wanaoona huu ni usaliti, na kusema ukweli wana hoja. Mwaka 1960 huko New Orleans, Ruby Bridges, msichana wa miaka 6, aliingia shule ya wazungu akilindwa na maafisa wa serikali huku watu wazima wakimzomea. Wazungu wakaondoa watoto wao, naye akasoma mwaka mzima peke yake na mwalimu mmoja. Babake akafutwa kazi. Familia ililipa hayo yote ili mlango ufunguke, halafu wewe leo unamtoa mwanao kwa hiari?

Lakini rudi nyuma zaidi. Mwaka 1740, South Carolina ilipitisha sheria ya kukataza kumfundisha mtumwa kuandika. Frederick Douglass, akiwa mtoto mtumwa Baltimore, aliwapa watoto wazungu maskini mkate ili wamfundishe kusoma. Baadaye, akiwa bado mtumwa, alisaidia kufundisha darasa la Jumapili la kuwasomesha wenzake Biblia. Wazungu wakaja na rungu wakalivunja. Na mazee, baadhi yao walikuwa viongozi wa kanisa!

Kwa hivyo mama wa leo anapofungua kitabu cha Kutoka na mwanawe, kisha akamweleza kwa nini Harriet Tubman aliitwa Musa, hajabuni kitu kipya. Imani na historia kwao zilisomwa pamoja, kwa siri, kabla hawajaruhusiwa kukanyaga darasa lolote. Mimi namuunga mkono.

Kinachonisumbua ni kingine. Anayefanya kazi mbili kutwa atamfundisha mwanawe saa ngapi? Wenye nafasi wakiondoka, nani atabaki kumpigia kelele mwalimu mkuu kuhusu zile kurasa mbili? Hapo sina jibu, na sijaona mwenye jibu.

Mama bado huniuliza nitarudi chuo lini. Juzi nilimsimulia habari ya Douglass na mkate. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu rudia hapo kwa hao wa kanisa."