Sheria na ardhi zisomwe pamoja: barua ya wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Nakala: Makamu Mkuu wa Chuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makamu Mkuu wa Chuo, Chuo Kikuu Ardhi.

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Laela, mji mdogo wa uwanda wa juu wa Ufipa, kilomita 95 kabla ya kufika Sumbawanga kwa anayetoka Tunduma. Ombi langu ni moja, nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maelezo. Naomba Tume ivihimize vyuo vyetu kuandaa programu moja ambayo kijana ataisoma kwa miaka isiyozidi sita na kuhitimu na shahada mbili: ya sheria, na ya usimamizi na uendelezaji wa ardhi na majengo.

Utauliza ombi la namna hii linatokaje kwa wakulima wa mahindi. Linatoka hapa hasa. Tangu lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ikamilike, ile iliyojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, kila mwenye akiba anataka kiwanja kinachotazama barabara. Anataka fremu za maduka, gesti, ghala la nafaka, kituo cha mafuta. Mashamba yaliyokuwa ya maharage na ulezi yanakatwa vipande vya hatua 20 kwa 20. Mauziano yanaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, mwenyekiti wa kijiji anagonga muhuri, mashahidi wanatia saini, fedha zinahesabiwa, na pande zote zinaondoka zikiamini kuwa jambo limekwisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema vingine. Kuhamisha haki ya kimila kunahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji, na muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Mnunuzi hulifahamu hilo siku anapopeleka ile karatasi benki kuombea mkopo. Muuzaji hulifahamu akiwa kwenye baraza la ardhi.

Hayo ni ya viwanja vidogo. Mazito zaidi ni pale kijiji kizima kinapoombwa ardhi. Sheria hiyohiyo inasema ardhi isiyozidi hekta 250 inapohawilishwa kutoka ya kijiji kuwa ya jumla, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Tena uhawilishaji hauwezi kukamilika mpaka fidia iwe imekubaliwa: aina yake, kiasi chake, namna ya kulipwa na wakati wa kulipwa. Mkulima amepewa mamlaka ambayo wakulima wengi duniani hawana. Lakini anayatumiaje, ikiwa hakuna mtu mkutanoni anayeweza kumweleza kwa pamoja kwamba una haki ya kukataa, na kwamba hiki unachoombwa kina thamani hii?

Nieleze kwa mfano wa fidia, kwa kuwa hapo ndipo pengo linapoonekana wazi. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Bei ya soko ya ardhi na maendelezo yake ni mwanzo tu. Inaongezwa posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida inayopotea kwa aliyekuwa na biashara. Malipo yakichelewa, riba inadaiwa. Mthamini anajua kuzijaza safu hizo zote za jedwali. Asipokuwa na ujuzi wa kutosha wa sheria, hajui ni wapi utaratibu umekiukwa kiasi cha kuliangusha jedwali lenyewe. Wakili naye anajua kuukosoa utaratibu, lakini ukimpa jedwali analigeuza kurasa kama mgeni. Mwananchi anakaa katikati yao, na kila mmoja anamwelekeza kwa mwenzake.

Sasa chukua shamba la Mfipa. Wazee wetu walilima kwa matuta ya ntumba: mvua zikielekea kuisha nyasi zinafukiwa chini ya udongo, zinaoza humo, na msimu unaofuata matuta yanasambazwa na kupandwa ulezi. Baada ya misimu kadhaa shamba linapumzishwa. Mtaalamu aliyelelewa mjini akilikuta shamba hilo likiwa mapumzikoni, anaandika “pori”, na pori halina fidia ya maana. Kumbe Sheria ya Ardhi ya Vijiji yenyewe, inapoeleza ni lini ardhi ihesabiwe kuwa imetelekezwa, inatambua kupumzisha shamba kuwa ni matumizi halali. Mwanasheria anayekijua kifungu hicho huenda hajawahi kuliona tuta la ntumba, na mthamini aliyesimama juu ya tuta huenda hakijui kifungu. Naamini mtu mmoja anaweza kuyajua yote mawili. Kinachotakiwa ni miaka ya kumfundisha.

Rukwa tumejifunza gharama ya ardhi kubadilisha mikono bila kueleweka. Mgogoro wa shamba la Malonje, jirani na mji wa Sumbawanga, umewasumbua wanavijiji wanaolizunguka kwa miaka mingi na umefikishwa hadi bungeni. Sitauhukumu hapa. Nasema tu kwamba migogoro ya aina hiyo haizaliwi siku mawe ya mipaka yanapong’olewa. Inazaliwa siku nyaraka zinapoandikwa.

Na njia ya kuitatua imekuwa ndefu zaidi. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua shauri la ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mtu wa Laela hiyo ni nauli, ni siku nzima nje ya shamba, na ni wakili wa kulipwa. Kama kata ingekuwa na mtu wa kuwashauri watu mapema, kabla ya karatasi kutiwa saini, mashauri mengi yasingezaliwa.

Ndugu Katibu Mtendaji, kinachonipa moyo ni kwamba vyuo vyenyewe ni majirani. Kitivo cha Sheria ndicho kilichotangulia vyote, mwaka 1961, chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam. Ndiko alikofundisha Profesa Issa Shivji, aliyeongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi iliyoteuliwa mwaka 1991, ambayo ilizunguka nchi ikiwasikiliza wananchi kabla ya sheria za 1999 kutungwa. Chuo cha Ardhi nacho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1996 hadi 2007, kilipopanda na kuwa chuo kikuu kamili. Kwa zaidi ya muongo mmoja sheria na ardhi zilikuwa chini ya paa moja. Leo kampasi mbili zinapakana kwa umbali wa kutembea kwa miguu, lakini kijana aliyedahiliwa kote kuwili anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja na kukiacha kingine. Naielewa sababu ya utaratibu huo. Unazuia mtu mmoja kushika nafasi mbili. Ila kwa programu ya pamoja nafasi ni moja.

Akitaka zote mbili leo, atasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka minne, kisha uthamini na usimamizi wa ardhi miaka mingine minne, na Shule ya Sheria kwa Vitendo bado inamsubiri akitaka uwakili. Mtoto wa mkulima wa Laela hana miaka hiyo, na hana wa kumlipia shahada ya pili. Wakati huohuo sheria ya ardhi inafundishwa pande zote mbili. Isomwe mara moja, ihesabiwe kote. Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kinawaruhusu wanafunzi kusoma shahada ya sheria pamoja na ya masuala ya milki na majengo. Hatutakuwa wa kwanza kujaribu.

Najua kuna hofu kwamba mtu mwenye taaluma mbili atathamini kiwanja asubuhi na kukitetea mahakamani jioni. Hofu hiyo ni ya haki. Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Baraza la Elimu ya Sheria wakae na vyuo waweke kanuni: katika shauri moja, kofia moja. Hofu ya pili ni kwamba wahitimu watabaki Dar es Salaam wakihudumia wenye maghorofa. Hii naiogopa zaidi. Ndiyo maana naomba mafunzo kwa vitendo ya programu hii yafanyike katika halmashauri za wilaya, angalau mwaka mzima mmoja, kijana akikaa na Kamati ya Ardhi ya Kijiji, akiandaa hatimiliki za kimila, akihudhuria mabaraza ya kata.

Kwa hiyo naiomba Tume iwaite mezani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na Bodi ya Mikopo, ili miaka ya programu hii ifadhiliwe yote kama programu moja. Naomba rasimu ya mtaala ifikishwe pia kwenye halmashauri za pembezoni tuisome na kutoa maoni. Na siku mtakapowatafutia wanafunzi wa kwanza mahali pa kujifunzia kazi, waleteni Laela. Vijiji vyetu vitawapokea, na kazi ipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Laela, Sumbawanga, Rukwa.