Mvuvi wa Rusizi Naye Aulizwe

Wako watu huko Ulaya na Marekani wavuao samaki kwa nzi wa uongo. Si mzaha. Huchukua ndoana ndogo, wakaifunga manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu wa majini, kisha huirusha kwa ufito mrefu juu ya maji yaendayo mbio. Samaki wanayemtafuta ni trauti, apendaye maji ya baridi. Na la ajabu zaidi, wengi wao wakimpata humwachia aende zake. Mtu wa Buyenzi akisikia hayo atacheka, wala simlaumu. Kwetu samaki akitoka majini njia yake ni moja, nayo yaelekea jikoni.

Trauti si mgeni kabisa katika Afrika yetu ya Mashariki. Walowezi walimtia katika mto Gura, Kenya, mwaka 1905, na hata leo yumo katika mito ya baridi itokayo milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Lakini Rusizi hawezi kukaa, kwa kuwa maji yatokayo ziwa Kivu ni ya uvuguvugu. Basi asidhani mtu kwamba naomba tuletewe trauti. Namtaja kwa sababu ya jambo lililotendeka katika mto Colorado, Marekani.

Mto huo wapita katika bonde jembamba lenye kuta za mawe ndefu mno. Mwaka 1963 milango ya bwawa la Glen Canyon ilifungwa, maji yakajaa nyuma yake, na mto chini ya bwawa ukageuka. Zamani maji yalikuwa ya vuguvugu na yenye matope. Sasa yakawa yanatoka kilindini mwa bwawa, baridi na maangavu. Trauti waliotiwa humo wakastawi. Samaki wa asili, waliozoea matope, wakapungua sana. Tena maji yalipanda na kushuka kila siku, maana watu wa mjini wakiwasha mashine zao maji mengi hufunguliwa, na wakilala hupunguzwa. Mto ukawa kama mtumishi anayeitwa kwa kengele.

Wale wavuvi wa starehe hawakunyamaza. Pamoja na waendesha mashua, makabila ya wenyeji na wataalamu wa viumbe, walidai mpaka mwaka 1992 ikatungwa sheria kwamba bwawa hilo liendeshwe kwa namna ya kulinda bonde lililo chini yake. Mwaka 1996 maji yalifunguliwa kwa makusudi, kama mafuriko, ili mchanga urudi kwenye kingo. Fikirini, wasomaji: watu ambao jioni humwachia samaki wao walipata kusikilizwa na wenye bwawa.

Sasa tuutazame mto wetu. Rusizi watoka Kivu, penye urefu wa karibu mita 1,460 juu ya bahari, ukaingia Tanganyika penye mita 770 na kitu. Umbali wote ni kama kilomita 117 tu, na sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika magenge ya juu, kabla mto haujafika Imbo na kutulia. Magenge hayo yalikuwa ukuta kwa samaki. Ndiyo maana ndugu wa ndagala waliomo Kivu hawakupanda wenyewe. Walichukuliwa Tanganyika na kupelekwa huko mwaka 1959. Na kwa ajili ya mteremko huo huo wahandisi waliupenda mto. Bwawa la kwanza lilijengwa Mururu mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili likaanza kazi mwaka 1989 kwa ushirika wa Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule. La tatu, la megawati 206, limekusudiwa kwa miaka mingi.

Nasema wazi: umeme twauhitaji. Mwanafunzi aliyewahi kusoma kwa mshumaa usiku wa kuamkia mtihani hahitaji kuhubiriwa faida ya taa. Atakayesema bwawa lisijengwe ili kambare wafurahi, mimi simo katika chama chake. Lakini kuna tofauti kati ya kujenga bwawa na kuliendesha. Kujenga ni mara moja. Kuendesha ni kila siku, asubuhi na jioni, na hapo ndipo yapo mambo ya kuuliza. Maji yatabaki kiasi gani mtoni saa za usiku? Yatapandishwa polepole au kwa ghafula? Msimu wa mvua, wakati ambapo wako samaki wanaotoka ziwani kupanda mto kutaga, yatafunguliwaje? Mchanga utakaozuiliwa juu, huku chini mlangoni mwa mto, upande wa Gatumba, utakosekana kwa nani?

Haya twayasikia kwa nadra. Redioni hutajwa megawati na mikopo. Mvuvi wa kule chini hana ufito wa bei wala wakili, naye samaki kwake si mchezo bali karo ya mtoto. Ikiwa wavuvi wa starehe waliulizwa, huyu aulizwe mara mbili.

Ninyi mliokwisha toka shuleni, mkaingia Regideso, wizarani na katika ofisi za wahandisi, neno hili lawahusu kuliko sisi. Nchi tatu zimekwisha unda mamlaka ya bonde la Kivu na Ruzizi, iitwayo ABAKIR, na mezani pake yafaa pawe na kiti cha wavuvi, si cha heshima tu. Vilevile vipimo vya maji vitangazwe hadharani, kama itangazwavyo bei ya mafuta.

Na sisi tulio bado madarasani tunaweza kuanza na daftari. Darajani, katika njia ya kwenda Uvira, mtu aweza kuona maji yamefika wapi bila kushuka ukingoni (asishuke, mamba na viboko hawajui sare ya shule). Kipimo kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa mwaka mzima, pamoja na neno la wavuvi juu ya walichopata siku hiyo. Bwawa la tatu litakapoanza kufungua na kufunga milango yake, patakuwa na daftari la kulinganisha nalo.